Uzi: Mnaposafiri na mwenza wa taifa jingine, ni foleni ipi ya uhamiaji iliyo halali kwenu nyote wawili?

Ndugu zangu, swali hili huulizwa kila msimu wa likizo na hujibiwa kwa mkato. Mume ana pasipoti ya Ujerumani, mke ana ya Tanzania, ndege imetua alfajiri, na mbele yao kuna foleni mbili: moja fupi ya raia wa Ulaya na nyingine ndefu ya watu wengine wote. Wasimame wapi? Wapo wanaojibu kwamba kila mtu aende kwenye foleni yake, na wapo wanaojibu kwamba mke amfuate tu mumewe kwa sababu hakuna atakayesema neno. Majibu yote mawili yanaweza kumponza mtu, kwa kuwa hayatenganishi mahali ambapo mwenza mgeni ana haki ya kisheria ya kusimama katika foleni ya wenyeji na mahali ambapo anapitishwa kwa hisani ya afisa wa zamu. Mahali penye haki, wengi wetu tunaiacha kwa woga. Mahali penye hisani, wengine wanaidai kwa sauti ya juu na kuishia kurudishwa nyuma mbele ya watu.

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na raia wa Uholanzi, na makazi yetu yako Ubelgiji, kwa hiyo nitaanza na upande wa Ulaya kabla ya kuja nyumbani.

Kanuni ya Mipaka ya Schengen (yaani eneo la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa pasipoti kati yao), namba 2016/399, inasema katika ibara ya 10 kwamba watu wenye haki ya kusafiri kwa uhuru chini ya sheria za Umoja wa Ulaya wanastahili kutumia njia yenye kibao cha duara la nyota na herufi EU, EEA, CH, yaani Umoja wa Ulaya, Eneo la Kiuchumi la Ulaya na Uswisi. Anayesoma herufi hizo ukutani hudhani zinahusu rangi ya pasipoti, na hata baadhi ya wahudumu wanaopanga abiria hudhani hivyo. Lakini ibara ya 2 ya kanuni hiyohiyo inaeleza watu hao ni akina nani: ni raia wa Umoja, na pia ni watu wa familia zao wasio raia wa Umoja, maadamu wanaangukia chini ya Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38. Katika agizo hilo mke au mume ndiye wa kwanza kutajwa kwenye orodha ya familia, kisha wanafuata wengine, wakiwemo watoto walio chini ya umri wa miaka 21 na wazazi wanaotegemea. Mpango kama huo unawahusu pia raia wa Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi pamoja na familia zao. Kwa maneno mengine, Mtanzania anayesafiri na mumewe Mholanzi kwenda Hispania anaposimama chini ya nyota zile hajajipenyeza popote. Amesimama mahali ambapo sheria imemweka.

Hapa kuna kona moja ambayo wengi hawaioni. Agizo la 2004/38 linamlinda raia wa Umoja anayekwenda au anayeishi katika nchi ya Umoja isiyo yake mwenyewe. Mjerumani anayeishi Hamburg na mkewe Mkenya, wakitua Barcelona kwa likizo wakitokea Nairobi, mke anaingia akiwa mwanafamilia wa raia aliyevuka mpaka wa nchi yake, na haki ya foleni anayo. Wawili haohao wakitua Frankfurt moja kwa moja kutoka Nairobi, mume amerudi kwao, na kwa herufi ya sheria mke anaingia kwa kibali cha ukaazi alichopewa chini ya sheria ya Ujerumani yenyewe. Hali inabadilika iwapo waliishi pamoja kwanza katika nchi nyingine ya Umoja kisha wakarejea, kwa kuwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Singh ya mwaka 1992 kwamba raia anayerejea kwao baada ya kufanya kazi katika nchi nyingine ya Umoja harudi akiwa na haki pungufu. Nje ya hapo, Frankfurt ni mahali pa kuuliza kwanza. Mara nyingi maafisa huwapitisha wanandoa pamoja bila mjadala, lakini ukijua kwamba pale unaomba, utaomba kwa lugha ya kuomba.

Waingereza nao wametoka kabisa katika mpango huu. Tangu tarehe 31 Desemba 2020 mume Mwingereza hambebi tena mke wake Mtanzania kwenye foleni ya nyota, maana yeye mwenyewe si wa foleni hiyo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu familia nyingi za pwani na za Nairobi zina wakwe Waingereza, na bado ninasikia ushauri wa miaka ya nyuma ukitolewa kana kwamba haujapitwa na wakati. Wakitua Paris wote wawili ni wageni wa nje ya Umoja, na foleni yao ni ile ya pasipoti zote.

Kuna anayeweza kusema kwamba yote haya ni kwa ajili ya kuokoa dakika chache. Siyo hivyo. Mgeni wa kawaida mwenye viza, anapofika dirishani, anaweza kuulizwa madhumuni ya safari, atalala wapi, ana fedha kiasi gani na tiketi yake ya kurudi iko wapi, kwa sababu masharti hayo yamewekwa na ibara ya 6 ya kanuni ile. Mwanafamilia aliye chini ya Agizo la 2004/38 anakaguliwa kwa utaratibu wa agizo hilo, ambao kiini chake ni mambo mawili: wewe ni nani, na je, kweli ni mke au mume wa huyu. Hadaiwi taarifa ya benki wala nafasi ya hoteli. Ndiyo maana ninawasihi dada zangu na kaka zangu wasikubali kutenganishwa na wenza wao pale ambapo sheria imewaunganisha, kwa sababu anayetenganishwa hujikuta akijibu maswali ambayo hayakumhusu, tena peke yake, katika lugha ambayo pengine haijamkaa vizuri, huku mtu anayeweza kuthibitisha kila kitu akimsubiri upande wa pili wa kioo.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba ukaguzi wa Schengen hufanyika katika uwanja wa kwanza mnaoingilia, hata kama mizigo imeandikiwa mji wa mwisho. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Hamburg kupitia Amsterdam anakutana na afisa wa mpaka Amsterdam. Akifika Hamburg anatoka kama mtu aliyepanda ndege ya ndani. Aliyepitia Doha, Addis Ababa au Istanbul hajagusa mpaka wa Schengen hadi atue Ulaya. Hili lina uzito mara mbili kwenu. Kwanza, muda wa kuunganisha ndege unaliwa na foleni, na ukiweka saa moja tu kwa safari ya watu wawili wenye pasipoti tofauti umejitafutia mbio. Pili, nchi ya uwanja huo wa kwanza ndiyo inayoamua kama mume yuko kwao au yuko nje. Mjerumani yule wa Hamburg akiingilia Amsterdam yuko katika nchi ya Umoja isiyo yake, na mkewe yuko katika nafasi bora zaidi kisheria kuliko kama wangeingilia Frankfurt. Mimi sipendekezi mtu achague ndege kwa sababu hiyo peke yake, lakini ni vyema kujua umesimama juu ya ardhi gani.

Sasa niseme kuhusu mageti ya kielektroniki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayovuruga safari za wanandoa kuliko kitu kingine chochote. Mwenye pasipoti ya Ulaya yenye chipu anaona milango ya kioo iko wazi, anaweka pasipoti, anatazama kamera, anapita. Mlango unajifunga nyuma yake na hauruhusu mtu kurudi. Mwenza ambaye pasipoti yake haikubaliwi na mashine anabaki upande wa huku, na mara nyingi anabaki bila karatasi, maana karatasi za familia huwa kwenye begi la mmoja wao. Niliwahi kumshuhudia mama mmoja wa Kikongo akiwa katika hali hiyo, mtoto amelala begani, afisa akimwuliza kwa Kifaransa cheti cha ndoa kiko wapi, naye akinyosha kidole kuelekea ukumbi wa mizigo ambako mumewe alikwishafika. Cheti kilikuwepo na ndoa ilikuwepo, ila vilikuwa upande usiofaa. Kwa hiyo kanuni yetu nyumbani ni kwamba mageti hayo hayatuhusu tunapokuwa pamoja. Tunatafuta dirisha lenye binadamu ndani ya eneo la nyota na tunafika pamoja, pasipoti zote mbili zikiwekwa juu ya meza kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya dirisha, hata hivyo, kuna mhudumu wa foleni. Huyu mara nyingi si afisa wa mpaka. Ni mfanyakazi wa uwanja au wa kampuni iliyoajiriwa kuelekeza watu, na anaelekeza kwa kutazama jalada la pasipoti iliyo mkononi. Katika uwanja mmoja wa Ulaya, ambao sitautaja, mhudumu aliniona na pasipoti yangu akanyosha mkono kuelekea kwenye foleni ndefu kabla sijafungua mdomo. Mume wangu hakupandisha sauti. Alisema, “Huyu ni mke wangu, tunasafiri pamoja, na hii ni kadi yake ya mwanafamilia,” akaigeuza kadi ili maandishi yaonekane. Yule mhudumu akamwita afisa, afisa akatazama kadi, akatupungia tupite. Mabishano na mhudumu hayana faida kwa pande zote mbili, kwa sababu hana mamlaka ya kukunyima haki wala ya kukupa; omba tu amwite afisa. Tukumbuke pia kwamba ibara ileile ya 10 inawapa maafisa ruhusa ya kulegeza mgawanyo wa foleni pale msongamano unapozidi upande mmoja, kwa hiyo siku nyingine mtaelekezwa mahali ambapo hamkutarajia na itakuwa halali kabisa.

Kadi niliyoitaja ndiyo silaha bora kwa anayeishi Ulaya na raia wa Umoja nje ya nchi ya raia huyo. Tangu mwezi Agosti 2021 kadi mpya zinatolewa kwa sura inayofanana katika nchi zote za Umoja, na zimeandikwa kwamba mwenye nayo ni mwanafamilia chini ya ibara ya 10 ya Agizo la 2004/38, au ibara ya 20 kwa wale wa ukaazi wa kudumu. Mwenye kadi hiyo haombi viza kuingia nchi nyingine za Umoja anapokuwa na mwenza wake au anapomfuata, na pasipoti yake haigongwi mhuri. Anayekuja kwa mara ya kwanza kutoka nyumbani bado anahitaji viza, lakini agizo linataka viza hiyo itolewe bure na kwa utaratibu wa haraka. Wapo wanaolipia viza wasiyopaswa kulipia kwa sababu tu walijaza fomu kama watalii.

Na kama karatasi zimepungua? Ibara ya 5 ya agizo inawataka maafisa, kabla ya kumrudisha mwanafamilia, wampe kila nafasi inayowezekana ya kupata hati zinazohitajika au kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba ni mwanafamilia. Mahakama ilikwishatamka jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2002 katika kesi ya chama cha MRAX dhidi ya Ubelgiji. Hii haina maana kwamba uondoke nyumbani mikono mitupu kwa kutegemea mahakama. Mashirika ya ndege yanaweza kukukatalia pale Dar es Salaam au Nairobi kabla hujaiona Ulaya, kwa kuwa yenyewe ndiyo yanayobeba gharama ya kumrudisha abiria aliyekataliwa.

Kwa hiyo beba cheti cha ndoa, na kiwe katika begi la mkononi. Kwa sisi Watanzania, cheti kinachosomeka huko ni kile kilichosajiliwa serikalini kupitia RITA, wakala wa usajili wa serikali. Waliofunga ndoa ya Kiislamu au ya kanisani na kubaki na cheti cha msikitini au cha parokia peke yake wahakikishe usajili umekamilika kabla ya safari. Sababu ya kubeba cheti ni majina. Wengi wetu tunabaki na majina ya baba zetu baada ya ndoa, kama ilivyo desturi, na afisa anayetazama pasipoti mbili zenye majina yasiyofanana kabisa hana njia ya kuona ndoa iko wapi. Tafsiri iliyothibitishwa katika lugha ya nchi mnayokwenda, au kwa uchache Kiingereza, humwondolea afisa sababu ya kukuweka pembeni.

Mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka, unaojulikana kwa kifupi EES, ulianza tarehe 12 Oktoba 2025 kwa hatua, na unachukua picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri. Wenye kadi za ukaazi hawasajiliwi humo. Mwenza anayekuja kwa viza fupi anasajiliwa, na ndiyo maana mashine zile za kujihudumia zilizopangwa kabla ya madirisha zinaweza kumhusu yeye na zisikuhusu wewe. Msindikize hadi kwenye mashine, malizeni, kisha nendeni pamoja dirishani.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa mambo yanageuka, na aliyekuwa mgeni anakuwa mwenyeji. Uwanja wa Julius Nyerere, katika jengo la tatu lililofunguliwa mwaka 2019, raia wa Tanzania na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana upande wao, na wageni wana wao. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inawahusu raia wa nchi wanachama. Mume wangu Mholanzi haimpi nafasi katika foleni ya Afrika Mashariki kwa sababu tu ameoa hapa. Ndoa peke yake haimwondolei mgeni viza ya Tanzania. Asiye na kibali cha ukaazi analipa dola 50, Mmarekani dola 100, na anayekwenda Zanzibar analipia pia bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Hapa ninawashauri kinyume cha nilivyoshauri kule: mwenyeji ndiye amfuate mgeni. Mimi husimama na mume wangu upande wa wageni. Hakuna afisa aliyewahi kunikatalia, kwa kuwa raia anapokelewa katika dirisha lolote lenye afisa, na mgeni anapoulizwa atafikia wapi, jibu linatoka kwa mwenye nyumba. Iwapo afisa mwenyewe atatuita upande wa raia, tunashukuru na tunakwenda. Kinachofupisha zaidi ni kuomba viza mtandaoni mapema, ili asilazimike kupanga foleni ya malipo kwanza kisha ya mhuri.

Na hapa niseme lililo moyoni. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake, ilhali mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo, bali apitie tajinisi, yaani njia ya kawaida ya mgeni kupewa uraia, kama mtu asiye na mke hapa. Watoto wangu wanamwona baba yao akisimama katika foleni ya wageni kila tunapokwenda kwa bibi yao, na wanauliza. Ningependa wabunge wetu walijibu swali hilo.

Mchangiaji kutoka Mombasa: Ahsante dada kwa maelezo haya yaliyonyooka. Naongezea upande wa Kenya. Viza iliondolewa Januari 2024 na badala yake mgeni anaomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo mke wangu, ambaye ni Mwingereza, halipi chochote dirishani Nairobi wala Moi hapa Mombasa, na foleni ya wageni inakwenda upesi kuliko zamani. Katiba yetu ya 2010 haibagui mke na mume: aliyeoa au kuolewa na Mkenya kwa miaka isiyopungua saba anaweza kuomba uraia, na baada ya miaka mitatu ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Swali langu ni la Heathrow. Mimi naishi Uingereza kwa viza ya ndoa. Je, naweza kusimama na mke wangu?

Mleta mada: Kaka, Heathrow hakuna Agizo la 2004/38 la kushika mkononi, kwa hiyo lihesabu kuwa eneo la hisani iliyozoeleka. Pasipoti ya Kenya haikubaliwi na mageti ya kielektroniki ya Uingereza, hata kama mwenye nayo ana ukaazi wa kudumu. Mageti hayo yanaangalia uraia. Kwa hiyo mkeo asipite getini akakuacha. Mwendeeni mhudumu pamoja, mseme mnasafiri kama familia, na mwombe dirisha lenye afisa. Akikuelekezeni foleni ya pasipoti nyingine, nendeni nyote. Mwingereza hazuiwi kusimama huko. La muhimu zaidi kwako ni hadhi yako ya kidijitali. Kadi za plastiki za ukaazi zilifikia ukomo tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi imo katika akaunti ya mtandaoni iliyofungamanishwa na pasipoti. Ukibadilisha pasipoti Nairobi na ukasahau kuiingiza mpya katika akaunti, tatizo litakupata kwenye kaunta ya ndege, kabla ya foleni yoyote.

Mchangiaji kutoka Bujumbura: Mimi ni Mrundi na mume wangu ni Mbelgiji. Tunaishi Bujumbura, na tunakwenda Brussels kuwaona wazazi wake. Kwa nilivyosoma, pale sina haki bali naomba?

Mleta mada: Umesoma sawasawa, dada. Mbelgiji anayeingia Ubelgiji akitokea nje ya Umoja hajaingia nchi ya wengine, kwa hiyo viza yako na ukaguzi wako vinafuata utaratibu wa kawaida, na maswali ya malazi na tiketi ya kurudi yanaweza kuulizwa. Uwe na barua ya mwaliko ya wakwe zako begini. Simameni pamoja, muulizeni mhudumu kwa upole, na mkielekezwa foleni ndefu, mumeo aje nayo. Mkiamua safari hiyohiyo kupitia Paris kwa siku chache kwanza, pale Paris hali yako itakuwa ile ya mwanafamilia wa raia aliye nje ya kwao.

Mchangiaji kutoka Marekani: Ndugu mleta mada, na huku kwetu? Ninamleta mke wangu kutoka Arusha kwa viza ya uhamiaji. Mimi ni raia wa Marekani.

Mleta mada: Hongera, ndugu. Marekani wenye ukaazi wa kudumu hupita pamoja na raia, kwa hiyo safari za baadaye hazitakuwa na shida. Safari ya kwanza ni tofauti: mkeo ataingia kwa viza ya uhamiaji, na karatasi zake hushughulikiwa zaidi ya pasipoti ya kawaida, mara nyingi katika chumba cha pembeni. Chumba hicho si dalili ya kosa. Mwambie mapema ili asishtuke. Viza ile ikishagongwa mhuri inatumika kama uthibitisho wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka mmoja, wakati kadi yenyewe ikisubiriwa. Kuhusu foleni, muulize mhudumu kama mnaweza kwenda pamoja, na kama hapana, wewe shuka kwenye foleni yake. Iwapo wewe ni mwanachama wa Global Entry, mpango wa Marekani wa kupita uhamiaji kwa haraka, usiitumie siku hiyo, kwa sababu uanachama ni wa mtu mmoja mmoja na hauwezi kumpitisha mkeo. Mpange ndege ya kuunganisha yenye saa za kutosha, kwa kuwa ukaguzi unafanyika katika uwanja wa kwanza wa Marekani, na mizigo mnaichukua hapohapo na kuikabidhi upya.

Mchangiaji kutoka Tanga: Na watoto wenye pasipoti mbili?

Mleta mada: Mtoto wa Mtanzania anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili akiwa bado mdogo, na suala la kuchagua linakuja anapofikisha miaka 18. Kwa hiyo wangu wanaingia Tanzania kwa pasipoti ya Tanzania na wanaingia Ulaya kwa pasipoti ya Uholanzi, na wanatoka kila upande kwa pasipoti ileile waliyoingilia. Kwenye kaunta ya ndege ninaonyesha zote mbili, kwa sababu mhudumu anataka kuona ile inayowaruhusu kuingia kule wanakokwenda. Foleni yao ni yetu. Nikisafiri nao bila baba yao, ninabeba barua yake ya ridhaa yenye sahihi iliyothibitishwa, nakala ya pasipoti yake na vyeti vyao vya kuzaliwa, kwa kuwa jina lao la ukoo ni la baba na langu ni jingine, na afisa makini atauliza. Siku ya kuondoka mpangilio ni uleule: anayekaguliwa zaidi ndiye anayetangulia kukabidhi pasipoti dirishani, wengine nyuma yake, na hakuna anayevuka mstari hadi yake irudishwe.